Sauti ya Mbwa Ikikauka, Mwenye Mbwa Afanye Nini?

Hapana mkulima asiyeijua sauti ya mbwa wake. Hata akiwa kitandani usiku wa manane, husikia tu na kufahamu kama mbwa anamlaki jirani anayepita njiani, au anamfukuza fisi aliyenusa zizi la mbuzi, au analia kwa sababu mnyororo umemnasa mguu. Karani anayeishi mjini naye, akirudi nyumbani kwao mwisho wa mwezi, hutambuliwa na mbwa kabla ya kutambuliwa na watoto. Kwa hivyo, siku mbwa anapobweka na sauti ikatoka imekauka, ya kukwaruza, au nyembamba kama ya mbwa mgeni, watu wa nyumbani huligundua jambo hilo mara moja.

Lakini kuligundua jambo ni mbali, na kulifahamu ni mbali. Wengi hucheka na kusema, “Amebweka mno, atapona.” Aghalabu husema kweli. Ila kuna siku ambayo maneno hayo hayo yaweza kumtia mtu kaburini, yeye au mtoto wake. Ndiyo maana yafaa kila mwenye mbwa ajue sababu zinazoikausha sauti ya mnyama huyu, namna ya kuzipambanua, na jambo la kutenda kabla ya jingine.

NAMNA SAUTI INAVYOTOKA

Sauti ya mbwa, kama ya mwanadamu, hutoka kooni katika sehemu iitwayo zoloto. Humo mna nyuzi mbili za sauti. Pumzi itokayo mapafuni hupita kati yao na kuzitikisa, na mtikisiko huo ndio sauti. Nyuzi hizo huvutwa na kulegezwa na misuli midogo, nayo misuli huamrishwa na mishipa ya fahamu itokayo ubongoni.

Basi sauti yaweza kuharibika kwa njia tatu. Kwanza, nyuzi zenyewe au ngozi laini ya koo yaweza kuvimba. Pili, kitu chaweza kukwama kooni au kulibana koo kwa nje. Tatu, mishipa ya fahamu yaweza kulemaa, hata misuli ikakosa amri ya kufuata. Mwenye kuzishika njia hizi tatu hatashindwa kuyafuata maelezo yanayofuata.

SABABU ZA KAWAIDA

Sababu ya kwanza, na iliyo nyepesi kuliko zote, ni uchovu wa koo. Mbwa aliyefungwa mnyororo akabweka usiku kucha kwa ajili ya chui, au kwa sababu kuna mbwa jike mwenye joto katika kijiji, huamka asubuhi sauti imempwea. Mbwa huyo hula kama kawaida, hunywa maji, hutikisa mkia, na huitika aitwapo. Dawa yake ni kupumzika. Apewe maji safi wakati wote na chakula laini kama uji mzito au ugali uliolainishwa kwa mchuzi. Aondolewe mahali panapomchokoza, na asivutwe kwa kamba ya shingoni. Siku chache zikipita sauti hurudi.

Sababu ya pili ni moshi na vumbi. Mbwa alalaye karibu na tanuri la makaa, au jikoni penye kuni mbichi, huwashwa koo kama mtu. Ahamishwe alale mahali penye hewa.

Sababu ya tatu ni kamba yenyewe. Watoto hupenda kumfunga mtoto wa mbwa kwa kamba ya katani au kwa waya, kisha mbwa hukua na kamba haikui. Mwisho kamba huzama katika nyama ya shingo na kulibana koo. Kila juma mwenye mbwa apitishe vidole viwili kati ya ukanda na shingo. Visipopita, ukanda umekaza mno.

Sababu ya nne ni kikohozi cha kuambukizana. Mbwa wakusanyikapo mawindoni, sokoni au machinjioni, huambukizana kikohozi kikavu chenye mlio mkubwa kama wa bata bukini, nacho huishia kwa kichefuchefu kana kwamba mnyama anataka kutapika. Mbwa mzima mwenye nguvu hupona kwa majuma mawili au matatu, lakini mtoto wa mbwa na mbwa mzee huweza kuingiwa na ugonjwa wa mapafu. Mgonjwa atengwe na wenzake, na akikataa kula au akihema kwa shida, apelekwe kwa daktari wa mifugo.

Sababu ya tano ni uzee. Mbwa wakubwa wa umbo, wakizeeka, wengine hulemaa misuli ya zoloto kidogo kidogo. Kubweka huwa hafifu, na kila avutapo pumzi husikika mkoromo, hasa wakati wa joto au baada ya kukimbia. Mbwa huyu asikimbizwe juani. Ulimi wake ukigeuka rangi ya samawati, ajue mwenyewe kwamba pumzi zimemwishia. Ampeleke kivulini, ammwagie maji ya baridi, na amtafute daktari bila kukawia.

Sauti iliyokauka kwa zaidi ya juma moja bila sababu kujulikana yataka kuchunguzwa na daktari, kwa kuwa uvimbe waweza kuota kooni. Wala mbwa asipewe vidonge vya watu vya kutuliza maumivu. Vingi vyavyo, vinavyomsaidia mtu kichwa kikimuuma, ni sumu kwa mbwa.

SABABU YA KUOGOPWA

Hizo ndizo sababu zinazoweza kungoja. Iko moja isiyongoja, nayo ni kichaa cha mbwa.

Kichaa cha mbwa huletwa na kirusi kilichomo katika mate ya mnyama mgonjwa. Mnyama akiuma, kirusi huingia katika jeraha, kisha hufuata mishipa ya fahamu polepole mpaka ubongoni. Safari hiyo aghalabu huchukua mwezi mmoja hadi mitatu, lakini huweza kuwa ya siku chache au kupita mwaka. Kikifika ubongoni huishambulia mishipa inayoamrisha koo, taya na ulimi. Hapo ndipo sauti hugeuka. Mbwa aliyekuwa akibweka kwa sauti nzito huanza kutoa mlio wa kukwaruza, mrefu, usiokamilika, mara nyingine kama kubweka kulikogeuka kuwa kilio.

Watu wengi wanajua kichaa cha namna moja tu: mbwa mkali, macho mekundu, akikimbia ovyo na kumwuma kila anayekutana naye, hata mti na jiwe. Namna hiyo ipo. Lakini iko namna ya pili, ya kimya. Mbwa huyu hakimbii wala hamfukuzi mtu. Hujificha gizani chini ya kitanda au nyuma ya ghala. Taya lake la chini hulegea, mdomo hubaki wazi, mate humchuruzika, na hawezi kumeza. Kisha miguu ya nyuma hupooza. Watu humwonea huruma, na huruma hiyo ndiyo mtego.

Liko kosa jingine la kuondolewa. Watu husema kwamba mbwa mwenye kichaa huogopa maji, kwa hivyo wakimwona anakwenda majini husema hana ugonjwa. Sivyo. Hofu ya maji ni dalili ya mtu aliyepatwa, maana koo humkaza kwa maumivu ajaribupo kunywa. Mbwa mwenye kichaa haogopi maji. Huweza kuyaendea na kutumbukiza mdomo, ila huenda asiweze kuyameza.

MFUPA USIOKUWAPO

Tuseme kwamba mkulima mmoja anarudi kutoka shambani jioni, na mtoto wake anamkimbilia. “Baba, Simba amekwamwa na mfupa. Habweki vizuri, na mdomo haufungi.” Mkulima anamtazama mbwa. Kweli, mdomo u wazi, mate yanatoka, na mnyama anapiga makucha mdomoni. Ni mbwa aliyemlea tangu udogo, na hajamwuma mtu hata siku moja. Mkulima anapiga magoti, anamwambia mtoto, “Mwanangu, nishikie kichwa chake,” kisha anaingiza mkono kooni kuutafuta mfupa. Mfupa haupo. Vidole vyake vina michubuko ya jembe na mwiba, navyo vinatoka vimelowa mate. Mtoto naye amejipangusa mate yaliyomrukia usoni. Baada ya siku tatu mbwa anafa, anazikwa, na mambo yanasahauliwa. Mbwa hakuuma mtu. Nani angekwenda hospitali?

Mfano huu si wa kutisha bure. Madaktari wa mifugo huwafundisha wanafunzi wao tangu mwanzo kwamba mbwa anayeonekana kama amekwamwa na mfupa huenda ana kichaa, na kwamba hapana mtu wa kutia mkono katika kinywa chake kabla ya kulifikiria jambo hilo. Ikiwa wenye elimu na glavu wanatahadhari hivyo, mkulima mwenye mikono mitupu yampasa atahadhari zaidi.

Ni kweli kwamba mfupa huweza kukwama. Lakini mbwa aliyekwamwa kweli mara nyingi alikuwa mzima dakika chache zilizopita, alikuwa akila, na dalili zimemjia ghafula. Mbwa mwenye kichaa hubadilika kwa siku moja au mbili: tabia kwanza, kisha sauti, kisha taya. Hata hivyo hapana mtu wa kawaida awezaye kuwa na hakika kwa kutazama tu. Kazi ya mfupa iachiwe daktari.

LA KUFANYA, HATUA KWA HATUA

Mwenye mbwa asikiapo sauti imebadilika, asimkaribie kwanza. Asimame mbali na ajiulize maswali haya. Je, mbwa huyu amechanjwa kichaa katika mwaka huu, na cheti kipo? Je, katika miezi iliyopita alipigana na mbwa asiyejulikana, au mbweha, au alirudi na jeraha? Je, tabia yake imegeuka, mpole akawa mkali au mkali akawa mpole mno? Je, anameza? Je, mdomo unafungika? Je, anatembea sawasawa?

Ikiwa amechanjwa, anakula, anameza, ana furaha, na kuna sababu iliyo wazi kama kubweka usiku kucha, basi apumzishwe na atazamwe. Ikiwa hakuchanjwa, au dalili mojawapo iliyotajwa ipo, na afanye mambo manne.

La kwanza, watoto na watu wote waondolewe, na ng'ombe na mbuzi wasogezwe mbali. La pili, mbwa afungiwe kibandani au chumbani bila kushikwa kwa mikono. Mlango ufungwe kwa nje, na chakula na maji yaingizwe bila mtu kuingia. La tatu, habari ipelekwe siku ile ile kwa afisa wa mifugo aliye karibu, au kwa chifu ili aifikishe. La nne, yaandikwe majina ya wote walioumwa, kukwaruzwa au kulambwa penye kidonda, pamoja na waliomshika kinywa.

Mbwa asipigwe kichwani kwa rungu. Ugonjwa huu huthibitishwa kwa kuupima ubongo, na kichwa kilichopondwa huharibu ushahidi ambao ungewafaa madaktari. Akifa, asichunwe wala asitupwe porini ambako wanyama wengine watamla. Aachwe mpaka afisa atoe maagizo, na asiguswe kwa mikono mitupu.

MTU AKIUMWA

Hapa saa ni mali. Jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka, kwa muda wa dakika 15 kamili. Dakika 15 ni nyingi kuliko watu wanavyodhani, basi mtu atazame saa. Sabuni ya kufulia yatosha. Kazi yake ni kukiua na kukiosha kirusi kabla hakijashika mishipa ya fahamu. Baada ya kuosha, dawa ya madini ya joto ipakwe kama ipo. Jeraha lisipakwe pilipili, udongo, mafuta ya taa wala maji ya betri, na lisikimbiliwe kushonwa.

Kisha mtu aende hospitali siku ile ile. Huko atapewa chanjo kwa siku zitakazopangwa, na jeraha likiwa baya huongezewa dawa ya kinga kando ya jeraha lenyewe. Wazee wengi bado wanakumbuka hadithi za sindano nyingi za tumboni, nao huwatisha vijana kwa hadithi hizo. Sindano hizo zilikuwa za chanjo ya kizamani. Chanjo ya siku hizi hudungwa mkononi, ni chache, na hupewa hata watoto wachanga na wanawake wenye mimba. Jambo la lazima ni kuzimaliza zote. Aliyeanza kisha akaacha, kwa sababu ya nauli au kwa sababu kidonda kimepona, ameuacha mlango wazi.

Mbwa aliyeuma akiwa bado yu hai na anaonekana mzima, afungiwe atazamwe kwa siku 10. Akimaliza siku hizo hana dalili yoyote, kirusi hakikuwamo katika mate yake siku alipouma, na daktari aweza kuzisimamisha sindano. Lakini aliyeumwa asingoje siku hizo ndipo aanze matibabu. Aanze kwanza, na habari za mbwa zimfuate huko huko.

Yapasa kusemwa waziwazi: dalili zikisha kumtokea mtu, karibu kila mara mwisho wake ni kifo, na hapana hospitali yenye dawa ya kuaminika. Lakini kabla ya dalili, ugonjwa huu ni miongoni mwa magonjwa yanayozuilika kwa hakika kubwa. Kati ya hali hizo mbili kuna sabuni, nauli ya basi na sindano chache.

NG'OMBE NAYE HUKAUKA SAUTI

Wakulima wenye maziwa wakumbuke kwamba kichaa hakiishii kwa mbwa. Ng'ombe aliyeumwa na mbwa mgonjwa huanza kulia kwa sauti nzito iliyokauka, mara kwa mara, bila sababu. Hutokwa mate, hushindwa kumeza, hujikaza kama anayetaka kunya, kisha huyumba nyuma. Wengi hudhani amekwamwa na kiazi au gunzi la hindi, na mchungaji huingiza mkono wote kooni. Onyo ni lile lile. Maziwa ya ng'ombe huyo yasinywewe, nyama yake isiliwe, na afisa wa mifugo aitwe. Aliyekwisha kuyanywa mabichi na amwulize daktari.

KINGA IPO

Katika Kenya ugonjwa huu ulithibitishwa mara ya kwanza mwaka 1912, kwa mbwa mmoja wa viungani mwa Nairobi, na mwaka 1928 ukathibitishwa kwa mwanadamu. Tangu hapo haujatoka. Machakos na sehemu nyingine za Ukambani zimeujua kwa miongo mingi. Ulimwenguni hukisiwa kwamba watu 59,000 hufa kila mwaka kwa kichaa, wengi wao Afrika na Asia, na karibu wote huumwa na mbwa. Watoto ndio wanaoumwa zaidi, kwa kuwa ndio wachezao na mbwa na ndio wafichao wakiumwa, wakihofu kugombezwa. Mzazi amwambie mwanawe tangu leo kwamba kusema hakuna adhabu.

Silaha yenyewe si ngeni. Mnamo Julai 1885, huko Paris, Louis Pasteur alimchanja Joseph Meister, mtoto wa miaka 9 aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa, na mtoto akaishi. Lakini njia iliyo rahisi zaidi ni kumchanja mbwa kabla hajaugua. Mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa pa kupita. Kisiwani Pemba ulikatika mwaka 2014 baada ya mbwa kuchanjwa. Ukaingia tena mwaka 2016, na watu wakaupiga vita upya kwa chanjo mpaka ukatoweka. Serikali ya Kenya nayo ilitoa mwaka 2014 mpango wa kuwaokoa watu na vifo vya kichaa ifikapo mwaka 2030.

Mpango wa serikali hauwezi kumfikisha mbwa penye sindano ikiwa mwenyewe hamfikishi. Mtoto wa mbwa achanjwe afikapo miezi mitatu, kisha arudiwe kila mwaka. Cheti chake kiwekwe pamoja na hati ya shamba na vyeti vya watoto, mahali ambapo hata mgeni aweza kukiona. Siku sauti ya mbwa itakapokauka, karatasi hiyo ndogo ndiyo itakayomwambia mwenye nyumba kama inafaa amwachie mbwa apumzike, au amfungie mlango na kwenda mbio kwa afisa wa mifugo.

Wahenga walisema, dalili ya mvua ni mawingu. Mkulima ayaonapo mawingu huanika mahindi yake ndani, wala hangoji kulowa ndipo aamini. Na aisikie vivyo hivyo sauti ya mbwa wake.